Jibu: Tawasifu 12 kwa mwaka, nianzie wapi?
Ndugu, umeuliza kama kusoma tawasifu 12 kwa mwaka (vitabu ambavyo mtu anasimulia maisha yake mwenyewe) kunawezekana ukiwa na kazi na watoto. Mimi nilijiwekea hizo hizo nikaishia 5, maana nilianza na mijitabu minene ya wanasiasa. Weka 6 tu. Anza na Maisha Yangu ya Shaaban Robert. Kiswahili chake kitamu mno, utajikuta unarudia aya bila sababu. Kisha Mzee Rukhsa cha hayati Mwinyi, kilichotoka 2021. Hicho ni kirefu, lakini ni Kiswahili chetu. Cha Mkapa cha 2019 kiliandikwa kwa Kiingereza. Soma kurasa 10 kabla ya kulala, simu ukiiacha sebuleni (hapo ndipo mimi hushindwa). Kitabu kikikuchosha, kiweke kando, chukua kingine.