Adapta ya USB imeshika Wi-Fi lakini intaneti hakuna

Ndugu, kama adapta (kile kifaa kidogo cha USB kinachoipa kompyuta Wi-Fi) inaunganika na Wi-Fi ila kurasa hazifunguki, usikimbilie kununua nyingine. Kwenye Windows fungua cmd (dirisha la kuandika amri), andika ipconfig, uangalie anwani ya IP, yaani namba ya kompyuta kwenye mtandao. Ikianza na 169.254, ruta haijaipa kompyuta anwani: zima ruta nusu dakika, kisha unganisha upya. Anwani ikiwa sawa, andika humo ping 8.8.8.8, amri ya kupima kama seva ya Google inajibu. Ikijibu, huenda shida ni DNS (huduma inayogeuza majina ya tovuti kuwa anwani za IP), badilisha tu seva ya DNS kwenye mipangilio ya mtandao.

Na tafadhali, ichomoe kwenye tundu la USB 3.0, lile ambalo mara nyingi lina ulimi wa buluu ndani. Tundu hilo huweza kuvuruga mawimbi ya 2.4 GHz yanayotumiwa na Wi-Fi, hasa diski ya nje ikiwa imechomekwa jirani. Tumia waya wa kurefusha, uisogeze mbali kidogo na kompyuta.