Kuanzia Septemba hadi Krismasi na watoto wadogo hapa Minnesota: jibu kwa mleta mada

Mleta mada ameeleza kwamba alihamia Saint Paul, hapa Minnesota nchini Marekani, mwezi wa Julai akitokea Dodoma, ana watoto wawili, mmoja wa miaka 3 na mwingine wa miaka 6, na anauliza mambo matatu: awafanyie nini watoto kati ya sasa na Krismasi, afanyeje bila kumaliza mshahara, na kama kuna ubaya wowote watoto wakishiriki Halloween, ile sherehe ya tarehe 31 Oktoba ambapo watoto huvaa mavazi ya kuigiza na kuomba pipi mitaani. Nimelea watoto wangu hapa Saint Paul tangu wakiwa wachanga, kwa hiyo nitajibu kwa kufuata yale ambayo sisi wenyewe tunayafanya, na wenye uzoefu tofauti wataongezea.

Dada, kwanza kabisa pole na uhamisho, na karibu sana. Jambo ambalo ningekuomba ulizingatie kuliko yote ni kwamba ratiba ya miezi hii uipange kwa kufuata mwanga wa jua, na sikukuu zije baadaye. Katikati ya Septemba jua huzama baada ya saa 1 usiku, hivyo watoto wakitoka shule wana muda wa kutosha kucheza nje. Jumapili ya kwanza ya Novemba saa hurudishwa nyuma kwa saa moja, na ikifika mwanzoni mwa Desemba jua huzama kama saa 10:30 jioni, yaani mtoto anashuka kwenye basi la shule na giza linamfuata nyuma. Sisi tuliokulia mahali ambapo saa ya jua kuzama haibadiliki sana mwaka mzima hatulitarajii jambo hili, na mara nyingi tunaacha Septemba na Oktoba zipite tukisubiri hizo sikukuu ambazo kila mtu anazizungumzia. Matembezi yote ya mashambani na ya bustanini yamalize kabla Oktoba haijaisha, kisha yale ya ndani ya majengo yasubiri Novemba na Desemba. Wiki ile ya kubadilisha saa, anza siku chache kabla kumchelewesha yule mdogo kulala kwa dakika kumi na tano hivi kila usiku, la sivyo atakuamsha saa 10 alfajiri akidai uji.

Kwa Septemba, shamba la matufaha linatosha. Jimbo hili lina historia ndefu ya zao hilo, na aina ya Honeycrisp, ambayo sasa inauzwa nchi nzima, ilizalishwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Minnesota na kutolewa kwa wakulima mwaka 1991. Mashamba yako ya namna mbili. Kuna yale yanayotoza kiingilio kwa kila kichwa kwa sababu yana mbuzi wa kulisha, tela lenye marobota ya majani makavu linalokokotwa na trekta, na shamba la mahindi lililokatwa vijia vya kupotezana. Halafu kuna yale ya kawaida ambapo unalipia mfuko tu na kuingia kuchuma. Mimi nachagua ya pili bila kusita. Mtoto wa miaka 3 hahitaji trekta. Ana mti ambao matawi yake yanafika usawa wa mkono wake, na hilo kwake ni jambo kubwa. Mfundishe kulishika tunda kwa kiganja, kulinyanyua juu na kulizungusha kidogo mpaka kikonyo kiachie chenyewe, kwa sababu akilivuta kwenda chini tawi zima litatikisika na matunda mengine yataanguka. Jiandae pia kwamba atauma kila tufaha mara moja na kulitia mfukoni, na hayo yaliyoumwa ndiyo utakayoyapika. Kwetu tunayakata vipande, tunayachemsha kwa moto mdogo pamoja na iliki, mdalasini na sukari kidogo mpaka yarojeke, kisha tunayalia chapati asubuhi.

Mwishoni mwa Septemba hadi katikati ya Oktoba majani ya miti hubadilika rangi hapa mjini, na huko kaskazini kando ya Ziwa Superior hutangulia kidogo. Huna haja ya kuendesha gari masaa matatu kuyaona. Yule wa miaka 6 anaweza kabisa kuelewa kwamba ile rangi ya njano ilikuwamo ndani ya jani tangu mwanzo, ikafichwa na kijani, na siku zinapofupika mti huacha kutengeneza kijani hicho na njano ikabaki wazi. Nyekundu ndiyo ambayo miti mingine huitengeneza wakati huo huo wa kujiandaa kupukutisha. Mpe kazi ya kupanga majani kwa rangi barazani, na mdogo umpe reki fupi ya watoto. Lundo likishakuwa kubwa wataruka ndani yake mpaka wachoke, ila lipekue kwanza, kwa maana jirani zetu wana mbwa wengi na si wote wanaookota kinyesi.

Kuhusu maboga, usinunue yale makubwa ya kuchongwa sura kwa ajili ya Halloween ukidhani utapata futari. Yana maji mengi na nyuzi, na ladha yake ni hafifu. Ya kupika ni yale madogo mazito, na karibu zaidi na boga letu ni lile la kijani kibichi lililobapa ambalo Wajapani huliita kabocha. Hilo ukilipika kwa nazi hutatofautisha. Na kama unatamani majani ya maboga, nenda soko la Wahmong, watu wenye asili ya Asia ya Kusini-Mashariki, hapa Saint Paul, kwa sababu wakulima Wahmong nao hula machipukizi hayo, na wakati wa kiangazi hadi baridi ya kwanza utayakuta yamefungwa mafungu kama pale soko la Majengo, Dodoma. Kwa siku ya kuchonga, kisu ashike mtu mzima, na watoto wachote utumbo wa boga kwa mikono na kutenganisha mbegu za kukaanga. Ndani weka taa ndogo ya betri badala ya mshumaa. Lisikae nje zaidi ya siku chache, maana kindi wa mtaani watalitafuna uso lote kabla ya tarehe 31.

Sasa hilo la Halloween, ambalo najua ndilo lililokusukuma kuandika. Familia za kwetu hapa zimegawanyika. Waislamu wengi ninaowafahamu hawashiriki, na baadhi ya Walokole pia hawashiriki. Makanisa mengine huandaa jioni ya watoto kwenye maegesho, ambapo waumini hufungua buti za magari yaliyopambwa na kugawa pipi. Sisi tunashiriki kwa masharti: hakuna shetani, hakuna damu, mtoto achague mnyama au kazi ya mtu. Kinachotokea mtaani ni watoto kupita nyumba kwa nyumba, kugonga, kusema maneno yao, kupewa pipi na kushukuru, na kwa mtoto mgeni mwenye haya ambaye bado anajifunza Kiingereza ni mazoezi mazuri kuliko darasa lolote. Hata hivyo usilazimike. Ukiamua kukaa ndani, zima taa ya barazani, na kwa desturi ya hapa watu wataelewa kwamba nyumba hiyo haigawi. Ukiamua kwenda, pita kwenye nyumba zenye taa tu, anza kabla giza halijawa zito, na rudi mapema. Boga lililopakwa rangi ya buluu-kijani mlangoni maana yake nyumba hiyo inatoa vitu visivyo vya kula, kwa ajili ya watoto wenye mzio. Mkirudi, pekua mfuko wa mdogo na uondoe pipi ngumu za mviringo, karanga nzima na bisi, kwa sababu mtoto aliye chini ya miaka 4 hukabwa na vitu hivyo kwa urahisi.

Vazi la Halloween linunue kubwa kuliko kipimo chake, ili livaliwe juu ya koti. Watu wa hapa bado wanasimulia Halloween ya mwaka 1991, ambapo theluji ilianza kuanguka siku hiyo hiyo na kufikia inchi 28.4 katika Minneapolis na Saint Paul kabla ya kukoma, yaani zaidi ya sentimita 70. Pia ukiwa na nafasi, mji wa Anoka ulio kaskazini mwa Minneapolis hufanya maandamano ya watoto ya Halloween, desturi iliyoanza mwaka 1920 kwa lengo la kuwashughulisha vijana waliokuwa wakifanya uharibifu mitaani usiku huo.

Hapa kwenye mavazi ndipo ningependa uelekeze fedha ambazo ungezitumia kwenye viingilio. Shule nyingi huwatoa watoto nje wakati wa mapumziko hata nyuzi joto zikiwa chini ya sifuri za Selsiasi, na mtoto asiye na suruali ya theluji hubaki pembeni akitazama wenzake. Kila mtoto awe na nguo ya ndani ya kubana, sweta, koti lisilopitisha maji, suruali ya theluji, buti zenye nafasi ya kuvaa soksi nene, kofia inayofunika masikio, na glavu za kidole gumba tu zisizopitisha maji, ambazo huhifadhi joto kuliko zile za vidole vitano na mtoto huzivaa haraka. Maduka ya mitumba yanazo nyingi, lakini wahi Septemba. Kuna jambo moja ambalo hakuna mtu anayelijua akitoka kwetu: mtoto hafungwi kwenye kiti chake cha gari akiwa na koti lile nene. Koti linajaa hewa, mikanda inaonekana imembana kumbe haijambana, na gari likigonga hewa hiyo hutoka na mtoto anaweza kuchomoka. Mfunge akiwa na sweta, jaribu kuufinya mkanda begani kwa vidole viwili, na kama unafinyika bado umelegea. Ukishakaza, mfunike koti lake kwa mbele kinyumenyume, mikono ikiingia kwenye mikono ya koti.

Sikukuu ya Shukrani huangukia Alhamisi ya nne ya Novemba. Rais Abraham Lincoln aliitangaza kitaifa mwaka 1863, na tarehe ya sasa iliwekwa kwa sheria ya mwaka 1941. Shuleni mwanao atasimuliwa hadithi tamu ya wageni na wenyeji waliokula pamoja. Mwambie pia, kwa lugha ya umri wake, kwamba hapa mnapoishi ni nchi ya Wadakota, wenyeji wa asili wa eneo hili, na kwamba wengi wao huikumbuka siku hiyo kwa majonzi. Kwa chakula, jimbo hili ndilo linaloongoza Marekani kwa ufugaji wa batamzinga, hivyo utamkuta kila duka kwa bei ya kutupa. Akiwa ameganda, mweke kwenye friji siku tatu kabla kama ana kilo sita hivi, kwa maana huyeyuka polepole, na usimtoe kwenye oveni mpaka kipimajoto kikisome nyuzi 74 za Selsiasi kwenye sehemu nene ya paja. Mkande kwa tangawizi, kitunguu saumu, ndimu na pilipili manga usiku wa kuamkia, kisha pika pilau pembeni kwa sababu watoto ndiyo watakayokula. Ikiwa hamna ndugu hapa, alikeni familia nyingine ya Kiswahili. Ofisi na shule zimefungwa, na ukikaa peke yako siku hiyo na watoto wawili ndani ya nyumba utaiona ndefu.

Desemba nitaipita haraka, kwa kuwa ushauri wangu ni kupunguza. Chagua mambo mawili. Bustani ya Como hapa Saint Paul haina kiingilio, huchangia tu anayependa, na jengo lake la vioo, lililofunguliwa mwaka 1915, lina joto na unyevu kiasi kwamba miwani hufunga ukungu ukiingia. Watoto huvua makoti, na mle ndani kuna mgomba, jambo ambalo litamfanya mwanao mkubwa aongee njia nzima. La pili ni maktaba ya mtaa, ambako kuna vipindi vya hadithi kwa watoto, na mwishoni mwa Desemba huenda ukakuta shughuli za Kwanzaa, sikukuu ya Wamarekani Weusi iliyoasisiwa na Maulana Karenga mwaka 1966, inayoanza tarehe 26 Desemba hadi 1 Januari. Mshumaa wa kila siku una jina lake, kuanzia Umoja, Kujichagulia na Ujima hadi Imani, na mtoto wako atakuwa ndiye anayewafundisha wenzake kutamka. Kama ninyi ni Walutheri, ulizia kanisani: sharika nyingi za hapa zina udugu na sharika za Dayosisi ya Iringa kupitia ushirikiano uitwao Bega kwa Bega, na unaweza kusalimiwa “Kamwene”, ile salamu ya Wahehe, na mzee wa Kimarekani kabla hujavua kofia.

Siku ya Krismasi pigeni simu nyumbani saa 2 asubuhi ya hapa, ambayo itakuwa saa 11 jioni Dodoma, maana wakati wa baridi tofauti ni masaa 9. Ukisubiri mpaka watoto wamalize kufungua zawadi na kula, bibi atakuwa amelala. Na sleji ya plastiki ya kutelezea juu ya theluji inunue Novemba, kwa sababu theluji nzito ya kwanza ikishaanguka madukani hubaki rafu tupu, nanyi mtakuwa na likizo nzima ya shule na kilima cha bure mwisho wa mtaa.