Mweka hazina ni fisadi au mbadhirifu?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni katibu wa kikundi chetu cha kuweka na kukopa hapa Pangani. Mweka hazina alichukua shilingi 380,000 za kikundi bila idhini, nami nikaandika kwenye muhtasari kwamba "amefanya ufisadi". Nilipousoma kikaoni, bibi mmoja akasimama: "Unamzushia kijana wa watu! Kamfisidi nani?" Mke wa mweka hazina akaanza kulia, muhtasari ukaachwa bila kuthibitishwa. Nimekosea wapi?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hukukosea, na bibi naye hakukosea.

Nimekulia Tanga, na utotoni mwangu fisadi hakuwa mtu wa ofisini. Alikuwa mwanamume anayewaharibu mabinti na wake za watu, anayepita vichochoroni jioni na kichupa cha marashi mfukoni. Mama akimwona mtu wa namna hiyo anakuja, alituita ndani akakomea mlango wa uani. Na ukimwita mtu fisadi bila ushahidi, ndugu zake walikufuata mpaka kwenu. Bibi yenu amelisikia neno kwa maana hiyo.

Asili yake ni Kiarabu, fasad, kuharibika. Ndiyo maana kitenzi ni kufisidi (si "kufisadi", kama wengi wanavyoandika), na unaweza kumfisidi mtu au kufisidi mali. Maana ya mali ilishika kasi kwetu Tanzania baada ya tarehe 15 Septemba 2007, Dk. Willibrod Slaa, wakati huo mbunge wa upinzani, aliposimama Mwembe Yanga, Temeke, Dar es Salaam, akasoma majina ya watu aliowatuhumu kufisidi mali ya umma. Magazeti yakajaa "mafisadi", na vijana wengi wa leo hawaijui maana nyingine. Hata hivyo TAKUKURU, yaani Taasisi ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa, jina lake linataja rushwa, si ufisadi.

Kwa kisa chenu rushwa haifai. Hakuna aliyempa kitu ili apendelewe. Neno lenu ni ubadhirifu: kutumia ovyo mali uliyokabidhiwa. Lakini mimi ningeandika tendo lenyewe: "Mweka hazina alitoa shilingi 380,000 bila idhini ya kikao." Hapo hakuna wa kuuliza kamfisidi nani.

Muhtasari mtausahihisha kikao kijacho. Kwa mkewe nenda leo, ukamweleze kwamba ulikusudia fedha tu.