Tuta mbele ya shule: lami itaumia wapi

Mkuu, umeuliza kama tuta la zege mnalotaka kulichangia wazazi mbele ya shule litaharibu lami. Litaharibu, msipokuwa makini. Nimekaa miaka sita kwenye kikosi cha kuziba viraka hapa Dar, na mashimo mengi tuliyoyarudia yalikuwa jirani na matuta.

Maji kwanza, maana ndiyo yanayosahaulika. Tuta likitoka ukingo hadi ukingo linageuka bwawa. Mvua ikinyesha maji yanatuama upande wa juu, yanapenya kwenye nyufa hadi tabaka la kokoto lililoibeba lami. Likishalowa, malori yanamalizia kazi. Temeke kuna tuta ambalo shimo lake tuliliziba mara tatu ndani ya masika moja. Mara ya nne msimamizi akaamuru tulikate pembeni, maji yakashuka mtaroni. Mwaka ule hatukurudi tena pale.

Halafu breki. Malori yote yanashika breki sehemu ileile, na jua limeshailainisha lami, basi inasukumwa mbele na kujikunja mawimbi. Dizeli nayo inadondokea hapohapo magari yakitikisika. Sisi tulikuwa tunatoa lami mikononi kwa dizeli, kwa hiyo naijua inavyoiyeyusha.

Ng'ambo ya tuta gari linadunda. Majaribio ya Marekani kule Illinois, 1958 hadi 1960, yalionyesha uharibifu hupanda takribani kwa kipeo cha nne cha uzito wa ekseli, yaani mhimili wa magurudumu: uzito ukipanda kidogo, uharibifu unapanda sana. Ekseli ya tani 8 ikigonga kama ya tani 10, lami inaumia zaidi ya mara mbili! Ndiyo maana shimo utalikuta mita mbili tatu baada ya tuta.

Sisemi mwache. Watoto wavuke salama, hilo halina mjadala. Ila zege halishikani vizuri na lami, kingo zinamong'onyoka, na tuta fupi lenye mgongo mkali ndilo linalodundisha zaidi. Nendeni TARURA, wakala wa barabara za mijini na vijijini, mkaombe la mgongo mpana, kama lile walilolibuni Waingereza miaka ya 1970: mita 3.7 kufuata barabara, kimo kisizidi sentimita 10. Sisitizeni pembeni ibaki njia ya maji. Barua ipitie serikali ya mtaa, na muifuatilie sasa, kabla masika hayajaanza.