Skunk #1 ni indica au sativa?

Ndugu uliyeuliza: aina hii ya bangi si indica (bangi fupi na nene) wala sativa (ndefu na nyembamba), ni chotara. Ilizalishwa California miaka ya 1970 kwa kuchanganya bangi ya Afghanistan (indica) na za Meksiko na Kolombia (sativa), kisha mbegu zikavuka hadi Uholanzi miaka ya 1980 na kuenea kote. Chotara zilizotangulia hazikuwa na tabia moja. Hii ilichujwa kizazi hadi kizazi mpaka miche ikafanana, ndiyo maana wazalishaji wengi wakaifanya mzazi wa aina nyingine.

Damu ya Afghanistan inaipa shina nene na maua yaliyoshikana, yanayokomaa ndani ya wiki 8 au 9 hivi. Sativa halisi za tropiki huchukua muda mrefu zaidi, na hurefuka mno.

Harufu sasa! Jina ni la kicheche wa Marekani, na si bure. Wengi husingizia terpeni (kemikali za harufu katika mimea), lakini mwaka 2021 watafiti walionyesha kwamba uvundo ule unatoka kwenye kemikali chache zenye salfa, zinazofanana kimuundo na zile za kitunguu saumu. Huongezeka maua yakikaribia kukomaa, hufika kilele yakishakaushwa na kuhifadhiwa kidogo, halafu hupungua haraka.