Dalili za Kabla ya Hedhi: Waulize Mama na Shangazi Zako

Wiki hii msomaji mmoja ameniandikia kwamba binti yake wa kidato cha tatu hubadilika kila mwezi akikaribia hedhi, hulia na kugombana na wadogo zake, na ameniuliza kama yeye, aliyepitia hayohayo usichanani, ndiye aliyemrithisha. Swali hilo limenigusa, kwani mama yangu alijifungia chumbani na kichwa kikimuuma, mama mdogo alivimba matiti, nami nikapata huzuni na hasira. Nilipoolewa, mawifi walisema nimetoka katika ukoo wa wanawake wakali. Neno hilo linaniuma hadi leo, maana ukali huo ulikuja baada ya yai kupevuka na kuondoka damu ilipoanza kutoka, mwezi baada ya mwezi, na tabia mbaya haifuati kalenda.

Ndiyo, dada yangu, urithi upo. Utafiti wa mapacha wa kike wa Virginia, Marekani, uliochapishwa mwaka 1998, ulikadiria kwamba asilimia 56 ya tofauti za kudumu baina ya wanawake katika dalili hizi hutokana na urithi. Mwaka huohuo, mtafiti wa Marekani Peter Schmidt na wenzake walionyesha kwamba homoni za ovari zikizimwa kwa dawa kisha zikarudishwa, dalili huwarudia wanawake wenye tatizo hili, ilhali wenzao wanaopewa homoni zilezile hawadhuriki. Kinachorithiwa, basi, ni wepesi wa mwili kuathiriwa na homoni za kawaida. Ukali wa ukoo haumo.

Kwa hiyo ulizeni. Muulize mama, mama mkubwa, na shangazi pia, maana nusu ya urithi hutoka kwa baba: walisumbuliwa na nini, siku zipi, na nini kiliwasaidia? Binti naye aandike dalili zake kila siku kwa mizunguko miwili, kwa kuwa daktari hutambua tatizo kwa kumbukumbu hizo na wala si kwa kipimo cha damu. Mama asiyezungumza na binti yake humwachia mateso ambayo angeweza kumpunguzia. Huzuni ikifikia mawazo ya kujiua, msisubiri mzunguko wa pili. Mpelekeni hospitali siku hiyohiyo, kwani matibabu yapo, na baadhi ya dawa za huzuni zinaweza kutumiwa hata katika nusu ya pili ya mzunguko pekee.