Njia Mpya Katika Open Rails

Ndugu, umeuliza kwa nini njia ya reli uliyopakua haionekani katika Open Rails, programu ya kompyuta ya kuigiza uendeshaji wa treni, na kama ununue nyingine. Usinunue bado. Programu hiyo ya bure husoma njia zilizotengenezwa kwa ajili ya Microsoft Train Simulator ya mwaka 2001, kwa hiyo hutarajia kukuta folda za GLOBAL, ROUTES, SOUND na TRAINS zikiwa pamoja ndani ya folda moja kuu. Ukiielekeza kwenye ROUTES peke yake, orodha itabaki tupu. Soma pia faili la maelezo, kwani njia nyingi hutegemea reli au mabehewa ya kifurushi kingine (hapo nami nilikwama siku nzima). Ikishafunguka, anza na treni fupi ya abiria, kwa sababu treni ndefu ya mizigo huchelewa mno kusimama.